Jihadhari na Uvimbe wa Mguu Usiouma

Maisetoma ni ugonjwa sugu unaoletwa na kuvu au bakteria wa udongoni. Huingia mwilini mwiba unapochoma, hasa mguu usio na kiatu. Uvimbe hauumi mwanzoni, lakini hula ngozi, kisha mifupa na viungo, hata mguu ukakatwa.

Wagonjwa wengi ni maskini, hivyo kampuni za dawa huona faida ndogo. Pengo hilo hujazwa na fedha za wahisani. DNDi, shirika lisilo la faida lililoanzishwa mwaka wa 2003, KEMRI ikiwa miongoni mwa waanzilishi, lilianza mwaka wa 2017 nchini Sudan kujaribu dawa ya kumeza mara moja kwa wiki.

Wachungaji wa Kaaleng, vaeni akala. Mkiona uvimbe, nendeni zahanati mapema.