Nauli ya Deni: Wajerumani Walivyovushwa Atlantiki

Katika karne ya 18, makumi ya maelfu ya Wajerumani walihamia Pennsylvania, koloni la Waingereza Amerika ya Kaskazini. Walisafirishwa na nani, na kwa masharti gani?

Swali: Biashara hii ilishikwa na nani?
Jibu: Wafanyabiashara wa Rotterdam, wakiwemo ukoo wa Hope na John Stedman, aliyewahi kuwa nahodha. Sheria ya Uingereza ilidai meli ziwe za Waingereza na zipitie kwanza bandari yao, mara nyingi Cowes. Washirika wa wafanyabiashara hao huko Philadelphia, kama Benjamin Shoemaker, walipokea abiria na kukusanya nauli.

Swali: Abiria walipatikanaje?
Jibu: Mawakala walioitwa Neuländer, wengi wao wahamiaji waliorudi kwao, walizunguka vijijini wakiisifu Amerika. Walilipwa kwa idadi ya vichwa walivyoleta.

Swali: Asiye na fedha je?
Jibu: Alisafiri kwa deni. Meli ikifika Philadelphia, hakushuka mpaka nauli ilipwe. Asipokuwa na ndugu wa kumlipia, tajiri alilipa deni, na abiria akamtumikia. Gottlieb Mittelberger, aliyevuka mwaka 1750, aliandika kwamba watu wazima walitumikia miaka 3 hadi 6, na watoto hadi wafikishe 21. Abiria akifa baada ya nusu ya safari, jamaa zake walidaiwa nauli yake yote.

Swali: Faida ilitoka wapi?
Jibu: Meli zilizopeleka Ulaya mchele na tumbaku za makoloni zilihitaji shehena ya kurudi nayo. Watu waliijaza nafasi hiyo. Kadiri walivyobanwa na kupunguziwa chakula, ndivyo faida ilivyopanda, na maradhi pia.

Swali: Nani aliwatetea?
Jibu: Christopher Sauer, mchapishaji wa Germantown, alikemea unyonyaji huo gazetini. Mwaka 1750 Pennsylvania ilitunga sheria dhidi ya msongamano melini, lakini usimamizi ulilegea. Desemba 1764 Wajerumani wa Philadelphia waliunda chama cha kusaidia wageni, chini ya Henry Keppele, mfanyabiashara aliyevuka mwenyewe mwaka 1738 katika meli iliyopoteza abiria wengi. Mwaka uliofuata sheria ilikazwa.

Swali: Je, huu ulikuwa utumwa?
Jibu: Hapana. Mkataba wa Mjerumani ulikuwa na mwisho, naye aliweza kumshtaki bwana wake mahakamani. Mwafrika aliyeuzwa katika mji huohuo wa Philadelphia hakuwa na mkataba, na watoto wake walizaliwa watumwa. Wafanyabiashara hawa waliwadhulumu Wajerumani wengi, lakini dhuluma hizo mbili hazilingani.