Achekeshe, Kisha Ang'ate: Vidokezo 6 vya Kuunda Mnyama wa Vita Mezani

Katika Warhammer, mchezo wa vita wa mezani uliotoka Uingereza mwaka 1983, kuna viumbe waitwao squig: miili ya duara, miguu miwili, meno hadi basi. Hurukaruka vitani na kumtafuna aliye karibu, hata akiwa bwana wao. Ukitaka wa kwako wa kuchezea na wenzako pale Mwanga au Ujiji, finyanga udongo, tafuta dadu, kisha angalia Ziwa Tanganyika. Kanuni ni moja: kinachochekesha ndicho kiwe silaha.

1. Anza na bunju. Yupo wa maji baridi, kwenye midomo ya mito iingiayo Tanganyika. Akitishwa, humeza maji hadi abaki tumbo na macho. Cheka, ila usimpe kidole: meno yake yameungana kuwa sahani ngumu zinazoponda konokono. Mezani: akivimba hasogei zamu nzima, lakini anayemgusa anaumia.

2. Kadogo kawe na kiburi. Neolamprologus multifasciatus ni samaki wa sentimita chache tu, anayeishi ndani ya kombe tupu la konokono na kulilinda kwa hasira isiyolingana na umbo lake. Wacheza bao mnajua uchungu wa nyumba! Mezani: akiwa kwake, mpe dadu mbili, akitoka nje, ampishe kila mtu.

3. Pindisha mdomo. Perissodus microlepis hula magamba ya samaki walio hai, na mdomo wake umeelekea upande. Aliyepinda kulia hunyemelea ubavu wa kushoto wa windo, na wa kushoto ubavu wa kulia. Mwaka 1993 mtafiti Michio Hori alieleza kwa nini hakuna kundi linalotawala: wa upande mmoja wakizidi, windo hukaza ulinzi kwenye ubavu wanaoushambulia, na wale wachache ndio wanaoshiba. Mezani: chagua upande kwa siri, mpinzani achague ubavu wa kulinda, kisha mfunue pamoja. Mtu akizoea hila moja, atakamatwa.

4. Pandikiza msaliti. Gogogo mwenye madoadoa, Synodontis multipunctatus, ana sharubu na sura ya upole. Hupenyeza mayai yake kati ya mayai ya samaki wanaolea watoto mdomoni. Vifaranga vyake huanguliwa mapema na kuwala wenye nyumba, mama akiwa bado anawatunza wote. Mezani: andika kwenye karatasi ni askari gani wa mpinzani anayembeba gogogo wako. Zamu ya nne, fungua karatasi.

5. Kelele nazo ni nguvu. Sasa toka majini: kule Gombe, kando ya ziwa hilohilo, katika utafiti wa Jane Goodall, sokwe dume aitwaye Mike alikuwa wa chini kwa cheo. Akagundua madebe matupu ya mafuta ya taa kambini. Akawa anayabamiza mbele yake huku akiwakimbilia wakubwa, nao wakatawanyika. Kufikia 1964 alikuwa kinara wa kundi, karibu bila kupigana. Mezani: mnyama huyu haui. Anayeshindwa dadu ya ujasiri anarudi nyuma hatua tatu.

6. Mpe jina la kipenzi. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walivusha boti mbili nchi kavu kupitia Kongo hadi ziwani. Kamanda Spicer-Simson alitaka ziitwe Paka na Mbwa. Wakubwa wakakataa, akaziita Mimi na Toutou, majina ambayo watoto wa Kifaransa huwaitia wanyama haohao. Tarehe 26 Desemba 1915 zikaiteka Kingani, meli ya Wajerumani. Kwa hiyo usihangaike na majina ya kutisha. Mwite Kichuna au Bibi Mdogo, mpinzani apunguze ulinzi, kisha rusha dadu.