Mtoto wa wifi alichanjwa, na bado kaugua kifaduro

"Nina kichanga cha wiki tano. Wifi yangu anayeishi Ohio amenitumia ujumbe wa sauti kwamba mwanawe wa miaka tisa ameugua kifaduro, na chanjo zote alimaliza. Anasema vijidudu vimebadilika kwa sababu ya chanjo zenyewe. Wiki ijayo ndiyo tarehe yetu ya kliniki na moyo unasita. Hata mama mkwe, tunayeishi naye, ananiambia nisikimbilie sindano. Yeye mwenyewe anakohoa wiki ya tatu sasa, anasema ni vumbi. Nifanye nini?" — Mama Kichanga, Morogoro

Mama Kichanga, hongera kwa kujifungua, na pole kwa wasiwasi. Suala la vijidudu nitalijibu, ila kilichonishtua zaidi katika barua yako ni hicho kikohozi cha mama mkwe. Leo hii apelekwe zahanati. Huenda kweli ni vumbi, huenda ni kifua kikuu, na huenda ni kifaduro chenyewe, maana kwa mtu mzima mara nyingi huwa kikohozi kisichoisha tu, bila ile sauti ya kuwika anapovuta pumzi. Kichanga wa umri wa mwanao anaweza asikohoe kabisa. Huacha kupumua ghafla, midomo ikawa ya bluu. Ukiona hivyo, hata kama ni usiku wa manane, kimbilia hospitali. Mpaka bibi apimwe, alale chumba kingine na asimbebe mtoto. Najua si rahisi kwa mkamwana kumwambia mkwewe maneno hayo, kwa hiyo mumeo ndiye akazungumze na mama yake.

Sasa wifi yako. Hakudanganyi, ila kakupa nusu ya habari. Chanjo ya kwanza ya kifaduro ilitengenezwa kwa kijidudu chote, kikiwa kimeuawa. Ilifanya kazi vizuri, lakini watoto wengi walipata homa na paja likavimba. Miaka ya 1990 Marekani na nchi nyingi za Ulaya zikahamia chanjo yenye protini chache tu za kijidudu hicho, kuanzia moja hadi tano. Mojawapo ni pertaktini, ambayo hukaa juu ya kijidudu kama mpini, na kinga ya mtoto aliyechanjwa huushika mpini huo.

Vijidudu vinapozaliana kwa mamilioni, hapa na pale hutokea kimoja chenye hitilafu kwenye vinasaba, kisichoweza kutengeneza pertaktini. Chanjo haisababishi hitilafu hiyo. Lakini watoto wengi wanapokuwa na kinga inayotafuta pertaktini, kijidudu kisicho nayo hupata nafasi ya kupenya na kuenea kuliko wenzake. Ndivyo ilivyotokea Marekani, ambako kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2010 vijidudu visivyo na pertaktini vilikuwa vingi kuliko vyenye nayo. Vinasaba vyao vinaonyesha kuvunjika mahali tofauti tofauti, ishara kwamba jambo hilo limejirudia mara nyingi, kila moja kivyake. Na Japani, chanjo zisizo na pertaktini ziliposhika nafasi, vijidudu vya aina hiyo vikapungua.

Je, chanjo imeshindwa? Hapana. Katika jimbo la Vermont, ambako karibu vijidudu vyote vilivyopimwa havikuwa na pertaktini, watafiti walikuta chanjo bado inawakinga watoto kwa asilimia 84. Kwa maoni yangu, kilichompata mtoto wa wifi yako zaidi ni kinga kufifia. Marekani dozi ya mwisho ya utotoni hutolewa kati ya miaka minne na sita, na kinga ya chanjo hii ya vipande hupungua mwaka hadi mwaka. Tena majaribio ya nyani yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba waliopewa chanjo hii hawakuugua, lakini vijidudu vilikaa kooni mwao wiki kadhaa na wakawaambukiza wenzao. Waliopewa ile ya kijidudu kizima walivisafisha mapema zaidi.

Hapa ndipo wewe na wifi yako mnapoachana njia. Chanjo ya Penta atakayochomwa mwanao, inayomkinga pia dhidi ya dondakoo, pepopunda, homa ya ini B na bakteria wa Hib, bado ina kijidudu chote cha kifaduro kilichouawa. Kinga yake haitegemei pertaktini peke yake. Gharama yake ni homa na kilio usiku ule wa sindano, na utavumilia. Muulize nesi dawa ya homa na kipimo chake kabla hujaondoka kliniki.

Wifi naye mwambie hivi: akipata ujauzito mwingine, aombe chanjo ya kifaduro katika miezi mitatu ya mwisho, ili mtoto azaliwe na kinga ya mama. Wewe nenda siku hiyo hiyo iliyoandikwa kwenye kadi, kisha umrudishe wiki ya 10 na ya 14. Dozi moja haitoshi.