KIKAPU MLANGONI



Siku moja tulimtembelea mama mmoja aliyehitimu kisomo. Darasani alikuwa hodari. Barua ya kwanza aliyoandika maishani mwake ilikwenda kwa mwanawe aliyeko mjini, na alituonyesha kabla ya kuitia katika bahasha. Lakini siku ile tulikuta kitabu chake kiko darini, kimejaa masizi.

Tukamwuliza, "Mama, vipi, umeacha kusoma?"

Akatujibu, "Mwalimu, sijaacha. Herufi nazijua. Saa ndiyo sina."

Tuliona haya. Katika daftari la mahudhurio tulikuwa tumeandika "mtoro" mbele ya jina lake.

Leo tutajifunza habari za shamba moja huko Marekani. Si shamba la pamba wala mahindi. Ni shamba linalowapa watu kitu kile kile alichokosa mama yule, yaani saa za kufanya kazi ya akili bila kusumbuliwa. Tutaona limeanzaje, na watu waliopita hapo wamefanya nini baadaye.

Shamba la Marian

Shamba hilo liko Peterborough, mji mdogo katika jimbo la New Hampshire, kaskazini mashariki ya Marekani. Mwaka 1896 lilinunuliwa na mke na mume, Marian na Edward MacDowell. Edward alikuwa mtunzi wa muziki mwenye sifa. Marian alikuwa mpiga piano.

Wakati ule Edward alikuwa akifundisha katika mji mkubwa wa New York. Huko hakupata utulivu wa kutunga. Basi Marian akamjengea kibanda cha magogo msituni, mbali kidogo na nyumba yao. Likizo zilipofika, Edward alikwenda kibandani asubuhi, akafanya kazi mchana kutwa. Akaona kwamba hapo kazi yake inakwenda vizuri kuliko mahali pengine popote.

Baadaye Edward akaugua. Yeye na mkewe wakatamani wasanii wengine nao wapate utulivu kama ule. Mwaka 1907 Marian akafungua shamba lile kwa waandishi, wachoraji, wachonga sanamu na watunzi wa muziki. Waliotangulia kufika walikuwa ndugu wawili wanawake, mmoja mchonga sanamu, mwingine mwandishi. Mwaka uliofuata, 1908, Edward akafariki.

Je, mjane huyu alikaa akalia tu? Hapana. Kwa miaka mingi alisafiri mji hadi mji, akipiga piano mbele ya watu na kuomba michango ya kuliendesha shamba. Mwaka 1938 tufani kubwa iliangusha miti na kuharibu mali nyingi pale. Marian alikuwa na umri wa miaka 80. Akaanza tena kutafuta michango. Alifariki mwaka 1956, akiwa na miaka 98. Shamba lingali lipo, nalo lina vibanda zaidi ya 30.

Kikapu

Sasa sikiliza utaratibu wao. Anayetaka kwenda huomba, naye huonyesha kazi yake. Akikubaliwa, hukaa wiki chache. Halipi kodi wala chakula. Kila mtu hupewa kibanda chake cha kufanyia kazi, na haruhusiwi mtu kumwingilia bila kualikwa. Jioni wote hukutana na kula pamoja.

Na chakula cha mchana je? Hapo ndipo penye somo letu. Chakula huletwa ndani ya kikapu, kikawekwa mlangoni. Aliyekileta habishi hodi. Hasemi, "Wenyewe mpo?" Anaweka, anaondoka kimya kimya. Aliyemo ndani akisikia njaa, atafungua mlango na kukikuta.

Tufikiri kidogo. Mwandishi yule yuko peke yake, lakini hafanyi kazi peke yake. Yuko mtu aliyepika. Yuko aliyebeba kikapu. Yuko aliyetafuta fedha. Utulivu hauanguki kutoka mbinguni kama mvua. Mtu mmoja anaupata kwa sababu mwingine amempa.

Wamefanya nini baada ya kutoka?

Katika kila kibanda kuna mbao zilizotundikwa ukutani. Mtu akimaliza siku zake, huandika jina lake na tarehe juu ya ubao. Majina ni mengi sana. Sisi tutataja manne tu.

La kwanza ni Thornton Wilder. Aliandika mchezo wa kuigiza uitwao Our Town. Mchezo huo hauna wafalme wala vita. Unaonyesha mji mdogo wa New Hampshire ambako watu wanaamka, wanakula, wanaoana na wanakufa. Mwaka 1938 ulipata Tuzo ya Pulitzer. Hiyo ni zawadi kubwa inayotolewa kila mwaka huko Marekani kwa waandishi na watunzi wa muziki.

La pili ni Alice Walker. Wazazi wake walikuwa wakulima Weusi katika jimbo la Georgia. Walilima ardhi ya watu wengine na kugawana mazao na mwenye ardhi. Mama yake alifanya pia kazi katika nyumba za watu kwa ujira mdogo. Hata hivyo alijinyima akamnunulia binti yake vitu vitatu: cherehani, sanduku la safari, na taipureta. Mwaka 1967 binti huyo alifika shambani kwa Marian. Mwaka 1983 alipata Tuzo ya Pulitzer kwa hadithi yake The Color Purple. Alikuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kuipata kwa kitabu cha hadithi.

La tatu ni Colson Whitehead. Yeye amepata tuzo hiyo mara mbili, mwaka 2017 na mwaka 2020. Kitabu cha kwanza kinaeleza habari za mwanamke mtumwa aliyetoroka. Cha pili kinaeleza mateso ya wavulana katika shule ya adabu huko Florida.

La nne ni Louise Erdrich, na hapa tutakaa kidogo. Mama yake ni wa kabila la Chippewa wa Turtle Mountain, mmoja wa makabila ya wenyeji wa asili wa Amerika. Babu yake, Patrick Gourneau, alikuwa mlinzi wa usiku kiwandani, tena mwenyekiti wa baraza la kabila lake. Mwaka 1953 Bunge la Marekani lilipitisha azimio la kuondoa ulinzi wa serikali kwa makabila kadhaa, na kabila lake lilitajwa. Maana yake, ahadi za mikataba ya zamani zingevunjwa na ardhi yao ingekuwa hatarini. Babu huyu hakuwa na elimu kubwa, lakini alijua kuandika. Aliandika barua, akasaidia kuongoza watu wake kupinga. Kabila lake halikufutwa.

Barua zake zikatunzwa katika familia. Mjukuu wake Louise akazisoma, zikamsaidia kuandika kitabu kiitwacho The Night Watchman, yaani Mlinzi wa Usiku. Mwaka 2021 kitabu hicho kikapata Tuzo ya Pulitzer.

Louise alikaa katika shamba lile mwaka 1980, angali kijana, kabla hajatoa hadithi yake ndefu ya kwanza. Kutoka 1980 hadi 2021 ni miaka 41. Wiki chache za utulivu hazileti zawadi papo hapo. Anayepanda mwembe hangojei maembe jioni ile ile.

Jina lililobadilishwa

Kwa miaka mingi mahali hapo paliitwa Koloni la MacDowell. Wao walikusudia tu kundi la watu wanaoishi pamoja. Lakini wengine liliwachoma, maana waliona ndani yake watu kutawaliwa na kubaguliwa. Mwaka 2020 wenye shamba wakaliondoa neno hilo. Sasa panaitwa MacDowell tu. Sisi tuliotawaliwa hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Sisi tufanye nini?

Utasema, "Mwalimu, sisi hatuna msitu wa kujengea vibanda vya waandishi." Kweli. Lakini kikapu tunacho.

Tulipokuwa tukizungumza na mama yule, mume wake alikuwa pembeni akitia mpini jembe. Alisikia yote. Hakusema neno. Tulipopita tena mwezi uliofuata, tukaambiwa kwamba mara mbili kwa wiki huyo baba na kijana wake mkubwa ndio wanaochota maji jioni. Saa hiyo mama anakaa mlangoni penye mwanga, anasoma. Wiki ya kwanza majirani walicheka. Wiki ya tatu wakazoea. Nasi tulirudi ofisini, tukafuta lile neno "mtoro".

Basi, ndugu msomaji, jaribu mambo haya manne:

1. Patana na wenzako nyumbani juu ya saa moja, hata mara mbili tu kwa wiki. Isemwe wazi, wote waijue.
2. Mwenzako akiwa katika saa yake, usimwite. Jambo likiweza kungoja, lingoje.
3. Saa yako ikiisha, andika tarehe na mistari michache ya uliyosoma au uliyowaza. Huo ndio ubao wako.
4. Tunza barua na madaftari ndani ya debe lenye mfuniko, mbali na mchwa na moshi. Hujui mjukuu gani atayahitaji.

Kusoma kusikorudiwa husahaulika. Tumewaona watu walioshika kalamu kwa furaha, na baada ya miaka miwili wakarudia kutia dole gumba. Si kwamba walikuwa wavivu. Hakuna aliyewawekea kikapu.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Marian alifanya nini baada ya kufiwa na mumewe?
2. Kwa nini mleta kikapu habishi hodi?
3. Barua za Patrick Gourneau zilisaidia nani, na kwa namna gani?
4. Nyumbani kwako ni nani anayekosa saa ya kusoma? Wewe unaweza kumpunguzia kazi gani?

Swali la nne usilijibu kikundini tu. Nenda ukalijibu nyumbani.