Taya Likivimba, Tusikimbilie Kung'oa Jino

Wanakikundi wa Migori na Homa Bay, mtoto akivimba taya na meno yakilegea, yaweza kuwa saratani ya Burkitt. Daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958, akiwa Kampala. Malaria ya mara kwa mara huchosha kinga ya mwili, basi virusi vya Epstein-Barr, ambavyo karibu sisi sote tunavyo, hupata nafasi. Uvimbe hukua kwa siku tu, si miezi. Ukifikia neva au uti wa mgongo, uso hupooza, miguu hukataa kutembea. Hapo ndio tunasikia, "Amerogwa!" Hapana, ni ugonjwa. Dawa za mshipa hazipenyi vizuri hadi ubongoni, ndiyo maana daktari hudunga nyingine mgongoni. Wakiwahi na kumaliza dawa, watoto wengi hupona. Kikundi kichange nauli leo, sio baada ya mavuno.