Kupima Masalia ya Dawa Ndani ya Sukuma Wiki

Matete, upande wa kaskazini wa Kaunti ya Kakamega, ni nchi ya mahindi na miwa, lakini karibu kila boma lina kishamba cha sukuma wiki, kunde au managu. Mkulima akigeuza jani na kukuta vidukari wamejaa chini yake, hununua dawa kwenye agroveti, huichanganya na maji ndani ya bomba la mgongoni, kisha hupiga. Kuanzia saa hiyo dawa huanza kupungua. Jua huivunja, mvua huiosha, na mmea wenyewe huibadilisha polepole. Kiasi kinachosalia siku ya kuvuna ndicho kinachoitwa masalia ya kiuatilifu.

Baadhi ya dawa hukaa juu ya jani tu. Nyingine, kama dimethoeti, hupenya na kusafiri ndani ya utomvu, kwa hiyo kuosha mboga hakuziondoi zote. Masalia hayo hayana rangi, na kwa kawaida ni machache mno kuonjwa au kunuswa. Ndiyo maana maabara inahitajika.

Tuanze na kiasi. Masalia huhesabiwa kwa miligramu katika kila kilo moja ya mboga. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha miligramu 0.01 kwa kilo kwa dawa yoyote ambayo haijapangiwa kiwango chake mahususi. Kilo moja ina miligramu milioni moja, kwa hiyo kikomo hicho ni sehemu moja katika sehemu milioni mia. Katika tani nzima ya sukuma wiki, dawa hiyo isizidi miligramu 10.

Kenya iliuona uzito wa namba hizi mwaka 2013. Baada ya dimethoeti kukutwa imezidi kiwango, Ulaya ilianza kukagua asilimia 10 ya shehena za maharagwe mabichi na njegere za maganda kutoka Kenya. Kenya nayo ilizuia dawa hiyo isitumike kwenye mboga na matunda, na wanaouza mboga nje ya nchi wakalazimika kupima mazao yao kabla ya kusafirisha, katika maabara kama ya KEPHIS, shirika la serikali linalosimamia afya ya mimea. Mboga inayoliwa Matete inastahili kipimo kilekile kinachopewa mboga inayosafirishwa nje, na raia anayeelewa kipimo hicho anaweza kukidai.

Ugumu wa kazi yenyewe ya kupima ni kwamba dawa ni kidogo, na imezama katikati ya maelfu ya vitu vingine vya mmea: sukari, nta, asidi, na klorofili, ile rangi ya kijani. Hatua ya kwanza ni kuitoa. Majani ya kilo moja au zaidi, yaliyochumwa sehemu mbalimbali za shamba, husagwa pamoja hadi yawe rojo moja. Gramu 10 za rojo hilo hutiwa kwenye chupa pamoja na mililita 10 za kiyeyushi, yaani kimiminika kinachoyeyusha vitu vingine. Hapa hutumika asetonitrili. Kisha huongezwa chumvi ya mezani na magnesi salfeti, na chupa hutikiswa kwa nguvu. Magnesi salfeti hufyonza maji, chumvi hulazimisha asetonitrili ijitenge na maji yaliyobaki, na dawa nyingi huhamia kwenye asetonitrili. Unga wa kaboni hutumika kupunguza ukijani. Njia hii ilitangazwa mwaka 2003, na leo imeenea duniani kwa sababu ni ya haraka na haili kemikali nyingi.

Hata hivyo, kimiminika kilichopatikana bado ni mchanganyiko. Hatua ya pili ni kuutenganisha, na mbinu yake ni kromatografia. Mwanabotania Mrusi Mikhail Tsvet aliianzisha mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kupitisha rangi za majani katika bomba la kioo lililojazwa unga wa kalisi kaboneti. Msomaji anaweza kuuona msingi wake nyumbani. Ponda jani la sukuma wiki ndani ya spiriti kidogo, mbali kabisa na jiko, kisha simamisha chaki nyeupe ndani ya kimiminika hicho. Spiriti hupanda kwenye chaki na kubeba rangi, na baada ya muda kijani na njano huanza kuachana. Sababu ni moja: kila kitu hugawa muda wake kati ya kushikamana na chaki na kuogelea ndani ya spiriti. Kinachoshikamana zaidi hubaki nyuma.

Maabarani, mahali pa chaki pana safu, yaani bomba jembamba lililojazwa chembe ndogo sana, na kimiminika husukumwa humo kwa shinikizo kubwa. Kila dawa hutokea upande wa pili kwa muda wake, na hali zisipobadilishwa, muda huo haubadiliki sana. Lakini muda pekee hautoshi kuwa ushahidi, kwa kuwa vitu viwili tofauti vinaweza kutoka pamoja. Inabidi kila kinachotoka kipimwe uzito.

Kipimo hicho ndicho spektrometria ya masi. Masi ni wingi wa maada iliyomo katika kitu. Atomu nyepesi kuliko zote, ya haidrojeni, huhesabiwa kuwa 1. Kaboni ni 12, naitrojeni 14, oksijeni 16, fosforasi 31, na salfa 32. Molekuli moja ya dimethoeti ina kaboni 5, haidrojeni 12, naitrojeni 1, oksijeni 3, fosforasi 1 na salfa 2. Tukijumlisha: 60, 12, 14, 48, 31 na 64, tunapata 229.

Molekuli haiwezi kuwekwa kwenye mizani. Lakini kitu chenye chaji ya umeme kinaweza kuongozwa kwa umeme. Kwa hiyo mashine hurusha kimiminika kama ukungu mwembamba wenye chaji, na dimethoeti hupokea haidrojeni moja isiyo na elektroni. Sasa ni ioni, yaani chembe yenye chaji, na masi yake ni 230. Ioni hupita kati ya fito nne zenye umeme unaobadilika kwa kasi. Umeme huo ukirekebishwa ipasavyo, ioni za 230 pekee hupita na nyingine hupotea njiani.

Hata 230 inaweza kuwa ya kitu kingine. Kwa hiyo zilizopita hugonganishwa na gesi tulivu hadi zivunjike, na fito nyingine nne huchuja vipande. Dimethoeti hupoteza kipande cha methilamini chenye masi ya 31 na kubaki 199. Pia hutoa kipande cha 125. Mkemia akiona muda sahihi, 230 iliyozaa 199 na 125, na uwiano wa vipande hivyo sawa na wa dimethoeti halisi aliyoipima siku hiyohiyo, ana haki ya kuandika jina la dawa kwenye ripoti. Kiasi chake hupatikana kwa kulinganisha ukubwa wa ishara na vipimo vya kiasi kinachojulikana, vilivyotayarishwa ndani ya dondoo la sukuma wiki isiyo na dawa, kwa sababu utomvu wa mboga wenyewe unaweza kufifisha ishara.

Katika kikomo cha 0.01, tone la mikrolita 5 linaloingizwa mashineni lina pikogramu 50 tu za dimethoeti. Gramu moja ina pikogramu trilioni moja. Hata hivyo, ndani ya tone hilo mna molekuli bilioni 130 hivi. Wingi huo ndio unaofanya kipimo kiwezekane.

Mashine huona tu kile ilichoagizwa kutafuta. Mankozebu, inayopigwa sana kwenye nyanya dhidi ya ukungu, haiyeyuki vizuri katika njia hii. Huvunjwa kwa asidi na kupimwa kama gesi ya kaboni disalfidi. Glaifoseti, dawa ya magugu, hupenda maji mno hata haihamii vyema kwenye asetonitrili, nayo hudai njia yake yenyewe. Ripoti inayosema masalia hayakuonekana inahusu dawa zilizoorodheshwa pekee, na kwa kiasi ambacho mashine inaweza kukiona. Anayetuma sampuli kutoka Matete hadi maabara ya Nairobi, zaidi ya kilomita 350, aiweke kwenye kasha lenye barafu ili dawa isiendelee kuvunjika njiani, na aandike majina ya dawa zote zilizopigwa, tarehe ya kupiga na tarehe ya kuvuna.