TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 14: Amana iliyo mgongoni



Jana kwenye tarawehe umesujudu mara ngapi? Kila ulipoinama, amri ilitoka kwenye ubongo ikapita kwenye ugwe wa mishipa ya fahamu, ndani ya uti wa mgongo. Ugwe wenyewe una unene kama wa kidole kidogo, urefu kama sentimita 45 tu. Ukiumia chini ya shingo, miguu inaweza kupooza. Ukiumia shingoni, na mikono pia, hata kupumua kukawa shida. Na hauungi kama mfupa.

Sasa jamani, jioni tunakimbizana kuwahi futari. Mtu akianguka na bodaboda, tusimbebe mzobemzobe kumpakia kwenye bajaji. Kama hapo alipo hapana hatari, mwacheni alivyolala, mmoja ashike kichwa kisitikisike, mwingine aite gari la wagonjwa.

Na aliyekwisha pooza, dini imempa wepesi: aswali amekaa, akishindwa, kwa ubavu. Sisi je, mlango wa msikiti wetu kiti chake cha magurudumu kinapita?

Allah awaponye wagonjwa wetu, atutakabalie funga zetu. Amin.